Jirani Mgeni Mpe Jembe

Kundi la WhatsApp la mtaa wetu hapa Dodoma halikosi methali. Kila asubuhi utakuta "Umoja ni nguvu" imezungushiwa maua. Mwenyekiti wa mtaa akiomba watu wa kuzibua mtaro kabla mvua za Desemba hazijaanza, kimya. Ushauri wangu: ukitaja methali, taja na kazi yake hapo hapo.

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi huku ni wa mwaka 1973, lakini watu wenyewe tumewaona wakimiminika baada ya 2016. Ilazo, Kisasa, Iyumbu, kote ni Mgogo, Mhaya, Mpare na Mrangi ukuta kwa ukuta, mageti yamefungwa. Wenyeji husema wageni wanajisikia, wageni nao husema hawakaribishwi. Hapo ndipo "mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe" inaponifaa. Wengi huitumia kumfukuza mtu kwa mafumbo. Mimi humpa jembe kweli.

Jirani yetu mmoja alipofiwa, dada aliyehamia kutoka Dar es Salaam alituma mchango kwa simu, na neno la pole. Nikampigia: "Dada, hela imefika, ahsante. Sasa njoo na kisu, vitunguu vinatusubiri." Akacheka, akaja na khanga yake kiunoni. Jioni nilimkuta jikoni, jasho linamtiririka, mama mmoja wa Kigogo akimsimamia asonge ugali wa uwele: "Kandamiza mwanangu, usiubembeleze!" Mlenda ulimshinda kidogo, unateleza kuliko alivyozoea. Siku hizi yeye ndiye hunijulisha nani kauguliwa.

Sisemi pesa ya simu ni mbaya. Anayeshinda ofisini Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, hawezi kukata kuni mchana, basi mwachie daftari la michango jioni, au zamu ya kukesha.

Ila kuna methali za kusema faragha tu, na nyingine heri uzimeze. Kwenye kikao kimoja mzee alimtupia kijana "mkono mtupu haulambwi" mbele za watu, kwa sababu hakuwa na mchango. Kijana hakujibu, akaondoka, na vikao vilivyofuata hatukumwona. Ana bodaboda yule. Siku ile ile tulikuwa tunahangaika nani atuletee madumu ya maji, na hakuna aliyemuuliza.