Alama za biashara za wageni: sheria ya nchi ikizibana, nani anashitaki?

Nchi nyingine imetunga sheria inayoninyima ulinzi wa alama yangu ya biashara. Nikashitaki WTO, yaani Shirika la Biashara Duniani?

Wewe mwenyewe huwezi. Kule serikali ndizo zinazoshitakiana, kwa hiyo itabidi uishawishi serikali yako ibebe kesi.

Ugomvi wa jina la ramu ya Havana Club, uliofika WTO, ulianzaje?

Familia ya Arechabala ilitengeneza ramu hiyo Cuba hadi kiwanda chao kilipotaifishwa mwaka 1960. Usajili wao Marekani ulikoma 1973; mwaka 1976 Cubaexport, shirika la serikali ya Cuba, likalisajili jina hilo hukohuko. Baadaye Pernod Ricard, kampuni ya vileo ya Ufaransa, ikaingia ubia na Wacuba, nayo Bacardi, kampuni nyingine ya ramu, ikanunua haki za familia. Mwaka 1998 Bunge la Marekani likachomeka Kifungu cha 211 ndani ya sheria ya bajeti: alama iliyotokana na mali iliyotaifishwa Cuba isilindwe bila ridhaa ya mwenyewe wa awali. Umoja wa Ulaya ukashitaki.

Nani alishinda?

Kila upande uliambulia kitu. Januari 2002 Chombo cha Rufani cha WTO kilisema nchi inaweza kuamua nani mwenye alama, na kukataa kumtambua aliyeipata kwa utaifishaji si kosa. Kosa lilikuwa ubaguzi: kwa madai yaleyale, Mcuba aliwekewa vikwazo ambavyo Mmarekani hakuwekewa. Naona hukumu hiyo ilikuwa ya haki. Kinachoniuma ni kilichofuata: Marekani iliiacha sheria ilivyo hadi Desemba 2024, ilipoirekebisha iwabane na raia wake pia. WTO haifuti sheria ya nchi yoyote. Aliyeshindwa ndiye anayetakiwa kujirekebisha.

Mbona Australia iliondoa nembo kwenye pakiti za sigara na ikashinda?

Kwa sababu haikumbagua mtu. Tangu Desemba 2012 kila pakiti, ya mwenyeji na ya mgeni, ni ya rangi ya kahawia iliyofifia, ina picha za maradhi, na jina limeandikwa kwa herufi za aina moja. Honduras, Jamhuri ya Dominika, Indonesia na Cuba (ndiyo, Cuba ileile) zilidai Mkataba wa TRIPS, ule wa WTO unaohusu hakimiliki na alama za biashara, umevunjwa. Kifungu cha 20 kinakataza kubana matumizi ya alama pasipo sababu ya msingi. Jopo la WTO lililosikiliza kesi mwaka 2018, na Chombo cha Rufani mwaka 2020, waliona afya ya umma ni sababu tosha. Zaidi ya hapo, usajili unakupa haki ya kuwazuia wengine wasitumie alama yako. Haukupi haki ya kuibandika popote upendapo.