Mtambo Nao Huvimbiwa

Wadogo zangu mnaoanza kazi kwenye mitambo ya majitaka inayozalisha biogesi, nataka tuzungumze kwanza kuhusu mafuta ya jikoni. Hayo ndiyo yatakayowatia tamaa.

Kilo moja ya mafuta ikimeng'enywa yote hutoa takriban lita 1,000 za methani, ile gesi inayowaka ndani ya biogesi. Kilo ya wanga haifiki hata nusu ya hapo, na tope la majitaka ni chakula hafifu zaidi. Ndiyo maana mji wa Gresham huko Oregon, Marekani, ulianza kupokea mafuta ya migahawa mwaka 2012, na kufikia 2015 mtambo wake, ukisaidiwa na paneli za jua, ukawa unajitosheleza kwa nishati. Faida ipo, tena kubwa, ila inataka subira.

Mimi subira sikuwa nayo. Mwaka wangu wa kwanza kazini, Ijumaa moja jioni, gari la kunyonya lilileta shehena ya mafuta yaliyokusanywa kwenye mitego ya majiko, yaani masanduku yanayonasa mafuta kwenye maji machafu ya jikoni. Tukaifungulia yote kwa mkupuo. Jumamosi gesi ilipanda nikafurahi. Jumatano mwenge wa kuchomea gesi ya ziada ukawa unawaka na kuzimika, maana kaboni dayoksaidi ilikuwa imeizidi methani. Nikachota tope kwenye ndoo: lina punje nyeupe kama nta, linanuka samli iliyochacha. pH, kipimo kinachoshuka asidi inapozidi, ilikuwa imeshuka kutoka 7.2 hadi 6.4. Tulihangaika wiki sita kuurudisha mtambo katika hali yake.

Mle ndani ya tangi la kumeng'enyea tope kuna makundi mawili ya vijidudu. Wa kwanza huvunja chakula kuwa asidi, nao ni wepesi. Wa pili huigeuza asidi kuwa methani. Hawa huzaliana polepole na hudhurika upesi. Asidi za mafuta huwaganda mwilini, wakashindwa kula, huku wenzao wakiendelea kumimina asidi. Mgonjwa aliyeshinda na njaa huanzishiwa uji, na tangi hivyo hivyo. Anza na sehemu ndogo sana ya mafuta katika mlo wa siku, uigawe kwa saa badala ya kuimwaga mara moja, kisha ongeza kila baada ya wiki mbili tatu ukiona hali imetulia. Joto lisiyumbe, libaki nyuzi 35 hadi 37, na vikorogeo visisimame, la sivyo mafuta yataelea na kuganda juu kama ukoko.

Msiitegemee pH peke yake. Tope lina uwezo wa kuhimili asidi kwa muda, kwa hiyo pH ikianza kushuka, ugonjwa umeshakomaa. Pimeni asidi na pimeni uwezo huo wa kuihimili, kisha gawanyeni cha kwanza kwa cha pili. Chini ya 0.3 mko salama. Ikikaribia 0.4, simamisheni mafuta siku hiyo hiyo, hata kama gesi inatoka vizuri. Na chokaa msiimwage kwa hofu: hunyonya kaboni dayoksaidi, gesi iliyo juu ya tope ikapungua ghafla, na paa la tangi linaweza kufyonzwa ndani.

Kabla ya kupokea gari, chungulieni. Nimeokota uma, vizibo vya soda na mifuko ya plastiki iliyojiviringisha kwenye pampu. Likinuka oili ya gereji, lirudisheni, hata dereva akinuna.

La mwisho ni uhai wenu. Haidrojeni salfaidi, gesi ya sumu itokayo kwenye tope, hunuka yai viza ikiwa kidogo. Ikizidi, pua hufa ganzi na hutasikia chochote. Harufu ikikatika ghafla, ondoka. Usifunue mfuniko ukiwa peke yako, wala bila kipima gesi kifuani, na mwenzio akianguka ndani usimfuate bila vifaa vya kupumulia. Piga kelele, ita watu.