Mto chini ya goti, na mengine ya wiki ya kwanza

Dada yangu wa Kongwa, umeuliza kama mama, aliyerudi nyumbani siku ya nne baada ya kuwekewa goti bandia, anaweza kulala na mto chini ya goti kwa kuwa ndivyo anavyopata nafuu. Hapana. Mto huo, ingawa unamfariji, hulizoesha goti kukaa limekunjika, na goti lisilonyooshwa katika wiki hizi za mwanzo huja kunyooka kwa taabu sana baadaye. Uweke chini ya kisigino, ili mguu uinuke na goti lijinyooshe lenyewe.

Mpe dawa za maumivu alizoandikiwa kama nusu saa kabla ya mazoezi, kisha mwekee barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20. Uvimbe wa wiki kadhaa ni wa kawaida.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni choo. Choo cha kuchuchumaa hakimfai kabisa kwa sasa, wala kigoda cha jikoni. Seremala anaweza kutoboa kiti imara chenye mikono, ndoo ikawekwa chini yake. Mikeka iondolewe njiani. Kidonda kikae kikavu na kimefunikwa, maana vumbi letu la kiangazi halibishi hodi.

Shavu la mguu likivimba na kuuma, kidonda kikitoa usaha, au akipata homa, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo; akibanwa na kifua au akikosa pumzi ghafla, msingoje basi la asubuhi la kwenda Dodoma, tafuteni gari saa hiyohiyo.