Kabla Hujachomeka Friji Kwenye Nyumba Mpya

Msomaji mmoja wa Dar es Salaam ameniandikia kwa uchungu: kahamia nyumba mpya Jumamosi, Jumanne friji ikazima, na fundi kamwambia kompresa, yaani mota inayosukuma gesi ndani ya friji, imekufa. Anauliza anunue friji gani. Asinunue kitu kwanza. Aukague umeme wa nyumba hiyo.

Siku ya kuhama watu hukimbilia mapazia na makochi. Nawasihi, anzeni kwenye mein swichi. Izime, kisha nenda kwenye mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla, utazame taa yake. Ikiendelea kumeta, kuna waya ulioungwa kati ya mita na mein swichi: pampu ya mwenye nyumba, taa ya uani au chumba cha jirani. Lisemeni hilo kabla ya kununua uniti za kwanza. Ulizeni pia kuhusu kodi ya jengo, maana tangu 2021 hukatwa kupitia LUKU. Nyumba iliyokaa miezi bila mtu huwa na malimbikizo, nayo hukatwa kwenye manunuzi yako ya mwanzo. Deni hilo ni la mwenye nyumba, lipunguzwe kwenye pango.

Washa tena mein swichi, ubonyeze kitufe chake chenye herufi T. Swichi inatakiwa ianguke papo hapo. Isipoanguka, haitamwokoa mtoto atakayeshika waya ulio wazi. Tesita ya bisibisi haitoshi kupimia ethi, yaani waya wa usalama unaoingia ardhini, kwa sababu huonyesha njia yenye moto tu. Fundi aje na mita ya volti, apime kwenye kila soketi: moto na ethi zisome karibu 230, nyutro (waya unaorudisha umeme) na ethi zikaribie sifuri. Na taa zikianza kung'aa kupita kawaida huku nyingine mtaani zikififia, kimbia ukazime mein swichi. Hiyo ni nyutro ya laini iliyokatika au kulegea, na volti zinaweza kupanda kuelekea 400.

Sasa friji. Ikisafirishwa imelazwa, oili ya kompresa huingia kwenye mabomba ya gesi, kwa hiyo isimamishe saa 24 kabla ya kuiwasha. Iachie nafasi ya sentimita 10 nyuma. Usiichomeke kwenye ekstensheni. Weka friji gadi, na uelewe kazi yake: umeme ukikatika na kurudi ghafla, presha ya gesi huwa haijasawazika. Kompresa ikilazimishwa kuwaka hapo hushindwa kuzunguka, huvuta ampia nyingi, na koili, yaani waya uliosokotwa ndani yake, huungua. Friji gadi huisubirisha dakika 3 hadi 5, na hukata volti zikishuka au zikipanda mno.

Shawa ya umeme ya wati 5,500 huvuta ampia 24 hivi. Isichomekwe kamwe kwenye soketi ya ampia 13. Inahitaji waya wake wa milimita za mraba 6 kutoka kwenye breka yake ya ampia 32, pamoja na ethi. Simtanki ikiwa mita 2 tu juu ya shawa, presha ya maji ni bar 0.2, na huenda shawa isiwake kabisa kwa sababu swichi ya ndani husukumwa na maji.



Nikurudie wewe uliyeniandikia. Usikubali haraka kwamba kompresa imekufa. Kama unasikia "tik" kila baada ya dakika chache bila friji kuunguruma, riley ya kuwashia, swichi ndogo inayoianzisha kompresa, ndiyo mshukiwa wa kwanza, nayo ni kifaa cha bei ndogo. Fundi achomoe friji, atoe riley, apime omu (ukinzani wa koili) kwenye pini 3 za kompresa, mbili mbili. Kipimo kikubwa kinatakiwa kulingana na jumla ya vile viwili vidogo, na kusiwe na njia kati ya pini yoyote na bodi ya chuma. Vipimo vikitoka hivyo, koili ni nzima. Abadilishe riley kwanza.