Re: Yale mawimbi kwenye malisho ya Uingereza ni nini?
Mkuu, hayo mawimbi ya ardhi uliyoyaona kwenye malisho ukiwa kwenye treni kule Leicestershire, mkoa wa katikati ya Uingereza, sio ya asili, ni matuta ya wakulima wa zama za kati. Plau yao ilipindua udongo upande mmoja tu, basi wakilima kwa kuzunguka udongo unasogea katikati ya kishamba, miaka nenda miaka rudi tuta linapanda. Cheki yalivyopinda kama S iliyogeuzwa, maksai hata 8 wamefungwa msururu mrefu, lazima waanze kukata kona kabla hawajafika mwisho! Yamebaki sababu ardhi iligeuzwa malisho ya kondoo ikaacha kulimwa. Jioni jua likiwa chini yanaonekana vizuri zaidi, ila inauma sana, mengi yalishasawazishwa na matrekta baada ya vita vya pili vya dunia.