Mfumo wa kuwakumbusha wateja wa ARV kwa simu: ushauri wangu

Ndugu mleta mada, umeuliza kama kituo chenu kinunue mfumo wa kuwatumia wateja wa CTC, yaani kliniki ya tiba na matunzo kwa wanaoishi na VVU, ujumbe wa kila siku wa kuwakumbusha kumeza ARV, dawa za kufubaza virusi hivyo. Mimi ni mshauri nasaha katika kliniki ya aina hiyo, na naona ununuliwe iwapo tu kuna mhudumu aliyepangiwa kupokea majibu na kuyafanyia kazi.

Katika utafiti wa WelTel uliofanyika Kenya na kuchapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2010, watu 538 waliokuwa wakianza ARV waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilitumiwa ujumbe mara moja kwa wiki, "Mambo?" basi, na mpokeaji alitakiwa kujibu ndani ya saa 48 kama yuko sawa au ana shida. Aliyekuwa na shida, na hata aliyekaa kimya, alipigiwa simu na mhudumu. Waliozingatia dawa walikuwa asilimia 62 katika kundi hilo, dhidi ya 50 katika huduma ya kawaida, na waliofubaza virusi, yaani vilivyopungua sana katika damu yao, walikuwa asilimia 57 dhidi ya 48. Naamini ile simu ya kufuatilia ndiyo iliyobeba kazi kubwa.

Kuhusu kutuma kila siku, utafiti mwingine uliofanyika Chulaimbo, magharibi mwa Kenya, ulionyesha kuwa ujumbe wa kila wiki uliwasaidia wateja kuzingatia dawa, ilhali ule wa kila siku haukuleta tofauti ya maana. Hilo halinishangazi, kwani ujumbe unaoingia kila usiku saa ileile huishia kufutwa bila kusomwa, kama yale matangazo ya kampuni za simu.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni usiri. Simu nyingi za wateja wetu hushikwa na watu wengi nyumbani, watoto wakiwemo, hivyo ujumbe usitaje VVU, dawa wala jina la kliniki. Mteja wangu mmoja, ambaye mume wake hakuijua hali yake, alichagua tumpigie saa nne asubuhi akiwa gengeni kwake, na akipokea mtu mwingine tuulize bei ya nyanya. Mpangilio wa namna hiyo hupatikana kwa kuzungumza na mteja faragha siku anapoandikishwa, na kwa kumwomba ridhaa ya maandishi, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Mchangiaji mmoja amependekeza wateja wawekwe katika kundi la WhatsApp, jambo ambalo silishauri hata kidogo: kila mwanakundi huona namba za wenzake. Namba zenyewe hubadilika mno, kwa hiyo zihakikiwe kila mteja anapokuja kuchukua dawa. Akipotea hewani, afuatwe na mtoa huduma wa ngazi ya jamii ambaye mteja mwenyewe alikwisha kumkubali.