Influenza inazimaje kinga ya mwili? Jibu langu kwa aliyeuliza

Mkuu umeuliza mawili, kwanza kirusi cha influenza chenye vipande 8 tu vya RNA (molekuli inayobeba maelekezo ya kijeni ya kirusi) kinawezaje kuipiga chenga kinga ya mwili mzima, pili kama kinaweza hivyo basi chanjo ina kazi gani. Nimefanya kazi maabara ya virusi miaka kadhaa na muda mwingi nilikuwa nahangaika na protini moja tu ya kirusi hiki inaitwa NS1, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona mwenyewe.

Tuweke sawa kwanza, influenza haimalizi kinga kama HIV inavyomaliza seli za CD4, ambazo ni seli za kinga. Hii inaichelewesha tu, na saa chache zinatosha sana kwa sababu kirusi kikishaingia kwenye seli, siku haiishi kabla hakijaanza kutoa virusi vipya.

Seli yako ina protini inaitwa RIG-I, kazi yake kunusa RNA ya kigeni. Ikiinusa inawekewa alama na protini nyingine, TRIM25, halafu taarifa inapita kwenye mitokondria, vile vijiumbo vya nishati ndani ya seli, mpaka kwenye kiini na seli inaanza kumwaga intaferoni. Intaferoni ndio king'ora, seli za jirani zikiipata zinawasha mamia ya jeni za kupambana hata kabla kirusi hakijazifikia. Sasa NS1 inaingilia hapo mwanzoni kabisa, inaikamata TRIM25 isiweke ile alama, na pia inajishika kwenye RNA ya nyuzi mbili ili walinzi wengine kama PKR wasiione.

Tulikuwa na seli za mapafu ambazo zimetengenezwa zing'ae kijani jeni ya intaferoni ikiwaka. Ukizipa kirusi cha Sendai, ambacho kinaamsha intaferoni vizuri sana, unaangalia kwenye hadubini unaona kijani kimejaa. Lakini ukitanguliza NS1 kwenye hizo seli halafu ndio ukaweka Sendai, giza, vinang'aa vidoa viwili vitatu pembeni. Halafu chukua NS1 ileile ubadilishe amino asidi (tofali za kujengea protini) mbili tu, ya 38 na ya 41, zile zinazoshika RNA, kijani kinarudi. Amino asidi mbili kwenye protini yenye kama 230! Mimi hicho kitu kilinikaa kichwani na mpaka leo bado kinanishangaza.

Na sio stori za kwenye sahani za maabara tu. Mwaka 1998 timu ya watafiti García-Sastre na Palese walitengeneza influenza isiyo na NS1 kabisa, panya wa kawaida wakaistahimili, lakini panya waliokosa STAT1, yaani wasioweza kuitikia intaferoni, waliugua wakafa. Maana yake NS1 kazi yake kubwa ni kupambana na intaferoni, ukiiondoa intaferoni kirusi kinaishi hata bila NS1.

Kuna kipengele kingine ambacho naona watu wengi wanakiruka. NS1 ya aina nyingi za influenza inashika pia CPSF30, protini inayosaidia kukata na kumalizia mkia wa mRNA za seli, yaani nakala za ujumbe wa jeni zinazotumika kutengeneza protini. Bila mkia mRNA inakwama kwenye kiini, kwa hiyo hata king'ora kikiwa kimewashwa ujumbe hautoki nje. Utauliza mbona mRNA za kirusi zenyewe hazikwami? Kwa sababu mkia wake kirusi kinautengeneza chenyewe, polimerasi yake, yaani mashine ya kunakili RNA, ikifika kwenye mfululizo wa U (moja ya herufi za RNA) inakwama na kurudiarudia palepale, mkia unapatikana bila kuihitaji CPSF30. Kimefunga mlango ambao chenyewe hakiutumii.

NS1 haiko peke yake. Kuna protini nyingine ya kirusi, PA-X, iligunduliwa 2012, hii inakatakata mRNA za seli hovyo. Kuna na PB1-F2, iligunduliwa 2001, inakwenda kuvuruga mitokondria, ila baadhi ya aina za influenza hazina PB1-F2 iliyokamilika kwa hiyo siipi uzito sana.

Ndio maana mtu anaweza kuanza kuambukiza wengine kama siku moja kabla hajajisikia vibaya. Homa na mwili kuuma sehemu kubwa ni kinga yenyewe imeamka, na imeamka virusi vishakuwa vingi.

Sasa chanjo. Hizi hila zote zinafanyika ndani ya seli, kirusi kikiwa kimeshaingia. Kingamwili za chanjo, yaani protini za kinga ambazo mwili unatengeneza baada ya kuchanjwa, zinakisubiri nje, zinashika hemaglutinini, ile protini ya juu kinayotumia kujishikiza kwenye seli, na NS1 haina la kufanya na kingamwili iliyoko nje ya seli. Shida ya chanjo ni nyingine, hemaglutinini inabadilika mwaka hadi mwaka na ndio maana chanjo inapitiwa upya kila msimu. Kwa hiyo NS1 isikufanye uache kuchanja, mkuu.